Vitunda vya Kibarazani

Asubuhi hiyo nilishindwa hata kutia uzi kwenye sindano ya cherehani. Mmea wangu ulikuwa umezaa! Kipande nilichokikata kibarazani kwa marehemu mama kabla nyumba haijauzwa, nikakipanda kwenye kopo la rangi na kukibembeleza, sasa kimejaa vitunda vya zambarau. Wateja wanakuja kupimwa nguo, wanabaki kuvishangaa.

Ila mama mkwe alishakata kauli. Mjukuu wake, mwanangu, ameanza kutambaa, na kila anachookota kinaishia mdomoni. "Kama vinaliwa, mmea ubaki. Kama ni sumu, utoke siku hiyo hiyo." Mimi mwenyewe sikujua, maana mama yangu aliupanda kwa urembo tu na hakuna aliyewahi kuonja vitunda vyake. Ndipo nikamwita bibi shamba wa ofisi ya kilimo, na ndiye niliyekuwa namsubiri asubuhi hiyo.

Walionitia hasira ni ndege. Kila nikiamka, vitunda vimepungua. Nikaufunika mmea kwa chandarua kuukuu, vikazidi kupungua. "Ndege wa siku hizi wana akili," mama mkwe akasema, huku anachambua mchele.

Bibi shamba alipofika sikumpa hata nafasi ya kukaa. Nikamvuta hadi kibarazani, nikamwambia ndege wanavila kila siku, na sisi ni nani tusile?

"Ndege ana tumbo lake na wewe una lako," akanikata. "Kuna vitu kibao wanakula wao, vikamlaza mtu hospitali." Akageuza majani, akachungulia ua lake, akapasua kitunda kwa wembe, akakitazama wee, uso kaukunja. Mimi roho juu.

Mama mkwe akakohoa. "Na mtu akiwa ameshakula, tuseme, konzi moja?"

Tukamgeukia wote wawili.

"Mama," nikasema, "hebu toa ulimi."

Akasita, kisha akautoa. Zambarau tupu. Kumbe ndege mwenyewe naishi naye nyumba moja, na anavaa miwani.

Bibi shamba akacheka mpaka akashika ukuta. "Tulia, mama. Mmea huu naujua, jani na ua vyote vimeniambia. Vilivyoiva vinaliwa. Muuweke juu tu, mtoto asifikie vibichi, hivyo vinamkimbiza mtu chooni."

"Kumbe ndiyo ile Jumanne," mama mkwe akasema taratibu.

Hapo hasira zikanipanda. Nikamuuliza ana wazimu gani, mtu mzima, kula kitu asichokijua. Je, angetufia?

"Mngeung'oa," akajibu, mkavu. Akajifuta mdomo kwa leso. "Tangu niseme utoke, nakusikia kila asubuhi unaumwagilia maji na kuuaga. Unauita mama. Sasa mimi ningemng'oaje mama yako bila kuhakikisha kwa mdomo wangu mwenyewe?"

Mama mkwe akachuma kitunda, akakigeuza kuona kama kimeiva sawasawa, akanitia mdomoni. Kilikuwa kitamu, halafu kichachu kidogo mwishoni. Miaka yote ile mama yangu alivipita vitunda hivi kila siku akienda kazini, na hakuwahi kujua.