Nilivyomtandikia Chatu

Jana mchana, nimeshiba wali na samaki, nililala kidogo nikaota, na nawaomba msicheke kabla sijamaliza.

Kwanza mjue kisa. Mdogo wangu Mbwana amesafiri, akaniachia chatu wake mdogo, Kibibi, ndani ya sanduku la kioo. "Dada, tafadhali, usimtandikie kitu chenye harufu," aliniambia. Harufu! Mimi, mtoto wa Tanga, nimlaze mgeni mahali pasipo harufu, nionekane sina malezi? Nikaenda kwa seremala, nikachukua maranda ya mwerezi, yananukia mpaka barabarani. Nikayafukiza udi, nikayamwagia asumini. Tangu hapo Kibibi yu mdomo wazi, kifua kinamlia, na mimi moyo unanidunda, maana Mbwana hana mtoto ila huyo.

Basi, ndotoni niko sebuleni. Kibibi ameketi kwenye kochi anakunywa kahawa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepona?"

"Bado. Nimeyaita matandiko yaje yajieleze."

Mlango unafunguka, unaingia mchanga wa pwani. Hausubiri kukaribishwa. Unanipita kinywani moja kwa moja na kushuka tumboni.

"Samahani," unasema kutoka humo. "Anayekula chakula juu yangu hunila na mimi."

"Utatoka lini?"

"Sitoki."

Kibibi anatikisa kichwa. "Mwingine!"

Yanaingia maranda ya mwerezi, yamevaa kanzu na koti. Nasimama kwa adabu, jamani, harufu ile si ya kupokelewa umekaa.

"Sisi ni wa heshima," yanasema. "Waliotulalia hawajawahi kuamka na malalamiko."

"Hawajawahi kuamka," anasema Kibibi, anapuliza kahawa yake.

Mara sebule haipo. Nimo ndani ya sanduku la kioo, nimelazwa juu ya maranda yaleyale. Kibibi yuko nje, mkubwa kuliko kabati, ananifukizia udi kwa chetezo changu mwenyewe.

"Vuta pumzi, dada. Umeheshimiwa."

Navuta. Kifua kinapiga filimbi.

"Kibibi, nakufa!"

"Usipige kelele, majirani watasema huna malezi. Nikuongezee asumini?"

"Sitaki heshima! Nataka hewa!"

"Na mimi nilikuwa nakwambia hivyohivyo, kwa mdomo wazi. Ukadhani napiga miayo."

Hapo nikalia. Moshi uliniumiza, lakini aibu iliniumiza zaidi.

Kitu kinajipenyeza chini ya shavu langu. Ni gazeti, limevaa miwani.

"Sina harufu, sina vumbi," linasema. "Nikilowa nitupe. Kesho anakuja ndugu yangu, tunafanana neno kwa neno."

"Na ndani yako mna nini?"

Linajikohoza, linasoma kwa sauti nzito: "Wananchi watakiwa kuwa watulivu."

"Halafu?"

"Halafu basi. Ndiyo maana sijawahi kumdhuru mtu."

Kibibi anapiga mkia mezani, pa! "Huyu ndiye."

Nikaamka nakohoa, jasho linanitiririka. Nikaenda kunawa uso, nikajitazama kiooni. Shavuni pana wino mweusi, na kwenye kioo unasomeka vizuri kabisa: WATULIVU. Humu ndani halijaingia gazeti tangu baba afariki.

Sikukaa kujiuliza. Nikamtoa Kibibi taratibu, nikazoa maranda, udi na asumini zake, vyote nikavitupa jalalani. Nikakimbilia kwa jirani, Mzee Kombo, aliyekuwa barazani anasoma.

"Shikamoo, Mzee Kombo. Naomba gazeti."

"Marahaba, mwanangu. La lini?"

"Lolote, mradi lisiwe na kitu ndani."

Mzee akanitazama, akatazama shavu langu. Kisha akalikunja alilokuwa akilisoma, la siku ileile, akanipa.

Nilimtandikia Kibibi, nikamrudisha ndani, nikakaa chini pembeni yake. Ilipoadhiniwa magharibi, alikuwa amefunga mdomo.