Sauti Iliyowafuata Vijana wa Nangwa

Jumatatu asubuhi Restituta alikuwa akishona kola ya shati kwenye kibaraza chake pale Nangwa, mwanawe Joakimu akinawa miguu kwenye beseni, sauti ya mwanamume iliposema juu ya kichwa cha kijana: "Hapo Joakimu anamwaga maji yote, na hajali."

"Akiyamaliza atarudi kuyachota," Restituta alijibu, akakata uzi kwa meno.

Sauti aliijua. Ilikuwa ya yule mtafsiri wa filamu kwenye banda la video la Thadei, anayeeleza kwa Kiswahili, haraka na kwa furaha, nani anamchinja nani. Vijana walishinda mle tangu likizo ya Juni, na sauti ilitoka nao kama moshi unavyotoka na mtu aliyekaa jikoni. Ilikaa shubiri moja juu ya vichwa vyao, ikitangulia kusema watakalofanya.

Watu waliizoea mapema. Walimu waliitumia kuwakamata watoro. Katekista alilalamika mara moja tu, kwamba hainyamazi wakati wa sala. Fransiska, jirani yake Restituta, alisema yeye imemsaidia: akiisikia jikoni anajua mwanawe Isidori anadokoa sukari.

Siku ya mnada Joakimu na Isidori waligombana mbele ya kibaraza. Ugomvi ulikuwa wa chaja ya simu. Walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza, na Restituta hakuinua hata kichwa mpaka sauti iliposema, "Hapo Isidori anamuuliza, unajua mimi ni nani?"

"Unajua mimi ni nani?" Isidori akauliza.

Watu wakasogea. Muuza nyanya akaziacha nyanya zake.

"Sasa Joakimu anaokota mpini wa jembe. Tulia, mtazamaji."

Joakimu akaokota mpini kwenye rundo la mzee Akonaay, muuza mipini. Mzee alikunja miguu kumpisha. Restituta alikuwa amesimama, futi ya kupimia nguo shingoni, hatua tano kutoka kwa mwanawe. Alitaka kusikia kinachofuata.

"Anamlenga kisogoni."

Ikapita nafasi ya kumeza mate. Kisha Joakimu akampiga.

Isidori alianguka bila kelele. Sauti haikusema kitu. Watu wakasubiri. Joakimu naye akasubiri, mpini mkononi, akimtazama rafiki yake.

"Amka basi," alisema. "Isi, amka. Zamu yako."

Ni pale damu ilipofika kwenye nyanya ndipo Restituta alipopiga yowe.

Walimkimbiza hospitali ya Haydom kwa gari la mwenye duka. Alifariki siku ya pili.

Polisi aliyekuja kuandika maelezo alihesabu watu wazima kumi na saba waliokuwepo.

"Mama, ulikuwa umbali gani?"

"Hatua tano, afande."

"Na ulijua atampiga?"

"Tulijua wote. Ilitangaza."

"Mbona hukumshika mkono?"

"Nilikuwa nasikiliza."

Polisi akaandika hivyo hivyo. Restituta aliitazama kalamu ikilifuata neno lake. Aliketi sakafuni, benchi likiwa tupu kando yake.

Matangani aliogopa kumsogelea Fransiska. Fransiska ndiye aliyemfuata.

"Mama Joakimu, na mimi nilikuwepo," alisema polepole. "Nilikuwa nyuma ya watu, sioni vizuri. Nikasimama kwa ncha za vidole."

Walishikana mikono.

Banda la Thadei lilifungwa siku tatu za msiba. Siku ya nne lilifunguliwa, likajaa. Joakimu alikuwa mahabusu Katesh. Mkutano wa kijiji uliagiza tu kwamba vijana wenye sauti wakae mbali na kanisa na msikiti saa za ibada.

Mnada uliofuata wasichana wawili wa darasa la tano walisimama njiani wakivutana sare.

"Hapo Leticia anainama kuchukua jiwe," sauti ikasema.

Watu wakaacha mizani, wakakusanyika. Restituta akaacha cherehani, akawapenya kwa viwiko, akaingia kati ya wale watoto na kukishika kiganja cha Leticia kikiwa tayari kimefumbata jiwe. Kilikuwa kidogo, chenye joto, na kilikuwa kikimvuta kwa nguvu.

"Shikamoo, mama," mtu akasema nyuma yake kwa adabu. "Sogea kidogo, unatuzibia."