Nyumba ya Pili Imekosa Kisanduku

Jumatatu asubuhi, pale dukani Thika, Wavinya aliwasha computer akapiga ukemi hadi bosi wake, Kagwe, akamwaga chai. Menyu zake zilikuwa zimeenda. Programu ya kuchapia ilijibadilisha yenyewe wikendi, ikaja na sura mpya, nyeupe pe, vitufe vikubwa kama vya watoto wa nasari. Menyu alizojitengenezea mwenyewe kwa miaka tisa hazikuonekana juu wala chini. Ati "tumekurahisishia kazi". Walimuuliza nani?

Sasa, uelewe jambo moja. Wavinya alikuwa mtu wa vijitabu vya mazishi, na ukizikwa kati ya Thika na Ruiru, kuna uwezekano mkubwa yeye ndiye aliyepanga jina lako. Menyu moja aliiita Nyumba. Ukiibofya, ukurasa unajipanga: mke wa kwanza na watoto wake walivyofuatana kuzaliwa, kisha mke wa pili na wa kwake, kila nyumba na heshima yake. Alianza kuitengeneza siku wake wenza wawili waliposhikana mashati hapo kaunta kwa sababu ya majina. Fomu mpya ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha mke, na watoto iliwapanga kwa alfabeti, kitinda mimba akatangulia kifungua mimba.

Aliipigia simu kampuni yenye hiyo programu. "Hiyo sehemu tuliitoa, madam," akaambiwa kwa sauti tamu. "Utazoea tu."

"Zoea wewe," Wavinya akasema, akakata.

"Wacha kichwa ngumu," Kagwe akamwambia. "Fomu ni dakika kumi, mteja anaenda. Hayo mambo yako ya nyumba yanatuchelewesha."

Saa nne akaingia Muriithi, mwanamume wa suti, kifungua mimba wa marehemu Mzee Kinuthia aliyekuwa azikwe Alhamisi. Alileta karatasi ya kamati ya mazishi. Wake wawili walikuwa wameandikwa pale, Gathoni wa Thika na Wanja wa Ruiru, na watoto wa kila mmoja, na chini kabisa kina mama wote wawili walikuwa wametia sahihi. Muriithi akachungulia skrini, akaona kile kisanduku kimoja. Uso ukamchangamka.

"Haiya, inataka mke mmoja? Basi weka mama yangu. Wale wa Ruiru tutawaambia computer imekataa."

Wavinya alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni. Alijua kitakachofuata. Wanja angekaa kanisani na kijitabu mkononi, anafungua ukurasa baada ya ukurasa akijitafuta, na watu wote wanamwangalia.

"Computer haijakataa kitu," akasema. "Unayekataa ni wewe. Sema hivyo."

"Wavinya!" Kagwe akafoka. "Mteja amesema andika, andika!"

"Siandiki, bosi. Hii karatasi ina sahihi mbili. Mwenye sahihi akija mwenyewe kujifuta, nitamfuta. Mwingine hapana. Ukitaka kunifuta kazi, nifute, lakini hiyo fomu utaijaza na mkono wako."

Akaifunga fomu mbele yao, akafungua ukurasa mtupu, akaanza kuchora mistari mmoja mmoja, nyumba huku na nyumba huku, kazi ambayo Ijumaa iliyopita ilikuwa ya kubofya mara moja. Muriithi akacheka kwa dharau, akatoa simu, akampigia mama yake na kuiweka loudspeaker ili Wavinya aaibike vizuri.

"Maitu, hapa kuna mwanamke anatusumbua. Mashini haina nafasi ya mama wawili. Nimemwambia aandike wewe pekee."

"Huyo mwanamke anaitwa nani?" Gathoni akauliza.

"Wavinya, mama," Wavinya akajibu mwenyewe, bila kuacha kuchora.

"Wavinya, umeandika Wanja?"

"Ndiyo, naandika sasa hivi."

"Nisomee watoto wake."

Wavinya akasoma kutoka kwenye karatasi. Kagwe, Tabby, Mwangi, Nyokabi. Bosi aliposikia mtoto wa watu anaitwa kama yeye alishtuka kidogo, akajifanya anapanga kalamu.

"Wamesahau mmoja," Gathoni akasema. "Baada ya Tabby kulikuwa na Wamboi. Aliishi siku tisa. Wanja alikuwa amelazwa, hakuweza hata kukaa, kwa hivyo mimi ndiye niliyemwosha na kumvalisha. Kinuthia alimtaja hadi wiki aliyotuacha. Muweke mahali pake."

Muriithi alikuwa ameshusha simu kidogo, mdomo wazi. "Maitu, mimi hilo sikujua."

"Ungejuaje na wewe unataka kuwafuta hata walio hai?"

Wavinya alisukuma jina la Mwangi chini kwa mkono, likashuka na Nyokabi, pakapatikana nafasi. Akaandika Wamboi. Macho yalikuwa yamejaa machozi lakini vidole havikusita. Orodha ikavuka mwisho wa ukurasa, ikaingia wa pili.

"Bosi," akasema bila kugeuka, "kurasa zimeongezeka. Niletee karatasi."

Kagwe akaenda kuleta karatasi.