Blanketi la Ukweni

Kule chini ya soko la Kanyakine kuna kiwanda cha zamani cha sufu ambacho mpaka leo kinaendeshwa na mto. Maji hugeuza gurudumu, gurudumu huinua nyundo za mbao, nazo hutwanga blanketi lililolowa sabuni mpaka nyuzi zishikane. Likitwangwa kidogo, linapitisha baridi. Likizidishiwa, linarudi, linakuwa dogo. Kazi ya Kobia ni kufunga mlango wa maji kwa wakati, basi.

Na blanketi hili lilikuwa lake. Alilifuma mwenyewe alipeleke ukweni, kwa Mzee Mutegi, babake mchumba wake Ntinyari, na kila mwenye masikio alikuwa ameambiwa. Siku ya kulitwanga alifungulia maji, kisha akapanda sokoni mara moja kuagiza nyama kwa Idrisi mchinjaji.

"Na hiyo blanketi yako imefika wapi?" Idrisi akamuuliza.

Mtu wa kujisifu akiulizwa hivyo, hatoki leo. Kobia alipoukumbuka mto, aliteremka mbio. Alikuta blanketi limerudi, limekuwa zito kama zulia.

Angeweza kununua lingine dukani, lakini alikuwa ameshatangaza. Akalikunja vizuri, akaenda nalo hivyo hivyo.

Ukweni, kijana anayeoa humvisha mzee blanketi mbele ya watu wote. Kobia alilitandaza mabegani mwa Mzee Mutegi. Halikufika kifuani. Mzee akashika ncha mbili upesi, akazivuta zikutane, akazifumbata chini ya kidevu kwa mikono yote miwili.

"Ni nzuri," akasema. "Iko na joto."

Watu wakapiga makofi.

Chakula kikaletwa. Kila mtu akala isipokuwa Mutegi. Angeziachilia zile ncha, aibu ya Kobia ingeonekana.

"Baba, kula," Ntinyari akamhimiza.

"Nimeshiba," akajibu, naye hajaonja kitu.

Mchuzi ukaganda kwenye sahani yake. Kobia aliutazama, akairudisha nyama yake sahanini. Matusi angeyavumilia. Hili lilimshinda. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Akasimama.

"Hiyo blanketi ni fupi," akasema. "Niliiacha kwa maji nikaenda sokoni kujisifu. Mzee amekaa njaa akinifichia."

Hakuna aliyecheka. Mutegi aliziachilia zile ncha, blanketi likafunguka kifuani, wote wakaona. Akainua sahani yake.

"Ntinyari," akasema, "nipashie hii moto."