Kijiko Kimoja cha Karanga

Mshonaji alipomeza kipande cha pili cha keki, viganja vilianza kumwasha. Akaacha kutafuna. Midomo nayo ikawa mizito, kama imepigwa ganzi.

"Wifi," akamwita dada wa mumewe, aliyeoka keki ile, "umetia karanga?"

"Jamani, wewe na karanga zako! Nikuapie mara ngapi?"

Akamtazama mumewe, fundi redio, aliyeishi naye miaka sita na kuujua mwili wake nje ndani. Mume aliinamia kikombe cha chai.

Vipele vikamtambaa shingoni. Tumbo likamsokota, akatapika papo hapo kwenye zulia la mama mkwe. Alipotaka kuomba radhi, sauti ilitoka nyembamba, ya kukwaruza, wala haikuwa yake. Kifua kikaanza kupiga mluzi. Daktari alikwishamwonya: mwasho ukishafuatwa na kutapika au pumzi kubana, usingoje hata dakika.

"Anadeka huyo," wifi akasema, ila macho yalikwishamtoka pima.

Mama mkwe ndiye aliyenyanyuka mbio. "Mwanangu, nikupe nini?"

"Mkoba... sindano."

Mama mkwe akaitoa mkobani ile sindano ya dharura ya mzio, akampa; mshonaji akaikandamiza pajani, juu ya gauni lake, akaishikilia. Mama mkwe akamkalisha chini aegemee kochi, miguu kainyoosha, huku akimfokea mwanawe aite gari la wagonjwa.

Walipofika hospitali pumzi ilikuwa imelegea kidogo. Muuguzi akawageukia ndugu. "Alikula nini? Semeni ukweli, sina muda wa kubembelezana."

Wifi akaangua kilio. "Kijiko kimoja tu cha karanga za kusaga! Na wazo si langu. Kaka ndiye aliyesema nitie, tuone kama haigizi."

Mshonaji aligeuza shingo polepole, barakoa ya oksijeni usoni.

"Nilidhani utawashwa kidogo tu, mke wangu," mume akasema. "Walikuwa wanakusema kila siku, eti unaigiza. Nilitaka yaishe."

Machozi yalimtiririka mshonaji hadi masikioni. Koo lingefunguka, alilijua hilo. Lakini huyu ndiye aliyekaa akinywa chai na kumwangalia akimega.

Walimlaza hadi kesho yake, wakihofia hali isimrudie. Asubuhi mama mkwe alimletea khanga safi, asiweze kumtazama machoni. Mume alikuwa mlangoni.

"Twende, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" mshonaji akauliza, akampita, akaenda kumpigia dada yake simu aje kumchukua.