Glasi Zisizolia

"Zile glasi, Mzee, ulizitupa?"

Daktari aliuliza kutoka mlangoni, simu bado iko sikioni. Mzee Povu alikuwa ameinamia sinki, mikono imo majini mpaka viwikoni. Hakugeuka. Alifunga bomba kwanza, akakung'uta vidole, ndiyo akajibu.

"Nilizitupa, Daktari. Kama ulivyoagiza."

Uongo mtupu. Glasi zilikuwa palepale chini ya sinki, nyuma ya ndoo na matambara, zimeviringishwa kwenye magazeti moja moja kama mayai ya kusafiri nayo. Hata mguu wake wa kushoto ulikuwa unaligusa boksi.

Daktari akashusha simu. "Haya basi, Mzee wangu," akasema, akaondoka. Viatu vyake vikasikika vikienda polepole, na yule mama si mtu wa kwenda polepole.

Sasa huyu mzee, jina lake la kuzaliwa mle maabarani hakuna anayelijua, labda faili tu. Wanamwita Povu kwa sababu ya kazi yake ya kuosha vyombo. Miaka ishirini na sita anaosha vyombo, mwanamume mzima mwenye mvi na wajukuu, na nyumbani sahani hajawahi kuigusa. Mkewe humwambia, "Huko kazini unaosha hata kisichochafuka, huku kwangu kikombe chako mwenyewe kinakushinda?"

"Mama nanii, mpishi akirudi nyumbani anapika?"

"Kama mpishi ni mimi, anapika!"

Basi hapo mzee hucheka akanywa chai yake, na kikombe akakiacha palepale.

Lakini lile jina la Povu halimkai sawasawa, maana povu ndilo adui yake. Maabara ile inapima maji ya kunywa, ya visima, ya mabomba, ya matangi. Upimaji wa zamani ulikuwa hivi: unachukua neli ya kioo, nyembamba kama kidole, unaitia supu ya zambarau. Wanaiita supu kwa sababu ni chakula cha vijidudu. Ndani ya neli unazamisha kineli kidogo, kichwa chini miguu juu. Unaongeza maji unayoyapima, unaweka kwenye kabati la joto, unaondoka. Kama maji yana uchafu wa chooni, vijidudu vitakula ile supu, vitashiba, vitajamba. Ndivyo wenyewe wanavyosema, msishangae. Ile hewa inanaswa ndani ya kineli, unaona kipovu, na supu imegeuka njano. Maji mabaya hayo.

Lakini neli ikibaki na sabuni hata kidogo, vijidudu vinakufa kabla ya kula. Supu inabaki zambarau nzuri, kipovu hakuna, na wewe unaandika maji ni salama, watu wanakunywa. Neli imesema uongo. Ndiyo maana Mzee Povu husuuza mara tatu kwa maji ya bomba na mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, ya mvuke, yasiyo na chumvi, kisha huinyanyua dirishani kutazama. Kioo kikiwa safi kabisa, maji huteremka kama shuka, yote kwa pamoja. Kikiwa na mafuta au sabuni, maji hukatika, yanabaki matone matone. "Hii inalia bado," husema, akairudisha.

Huyo Daktari mwenyewe alifika pale akiwa mwanafunzi, msichana wa haraka haraka. Siku moja akaona mzee anamchelewesha, akaosha neli zake mwenyewe. Akapima maji ya mtaro, ya mtaro kabisa, yale yanayonuka, na majibu yakatoka safi! Walimcheka mwezi mzima. Tangu hapo hakugusa sinki.

Basi mwaka juzi ikaja mashine. Ilitoka mbali, ng'ambo huko, kubwa kama friji, nyeupe, ina taa. Haitaki neli wala supu. Inataka vibao vya plastiki vyenye vishimo, unamimina maji, unakiingiza kibao, kesho yake inakuchapia majibu. Kazi ya watu watatu inafanya peke yake, na mtu asiseme haifanyi, inafanya. Ila kila kibao ni cha mara moja. Kikitoka kinatupwa, na anayekitupa ni Mzee Povu, anachoma shimoni nyuma ya jengo, moshi mweusi mpaka macho yanatoka machozi.

Siku moja roho ikamuuma. Akachukua kibao kimoja, akakiosha kishimo kwa kishimo, mara tatu na mara tatu, kikang'aa kuliko kipya. Akakirudisha kwenye mashine. Ikawasha taa nyekundu, ikaandika: KIMETUMIKA.

"Hata mimi nimetumika," mzee akaiambia mashine, "mbona nafanya kazi?"

Wiki tatu zilizopita Daktari alimwita ofisini. Akamwambia kwamba chumba cha kuoshea kitageuzwa stoo ya maboksi ya vibao. Seremala atakuja Ijumaa ya mwisho ya mwezi kupiga rafu. Glasi za zamani, neli na vineli vyote, zitupwe. Yeye Mzee atafanya kazi mpaka mwisho wa mwezi, kisha atapumzika. Kupumzika! Mzee akasema "sawa", akarudi chumbani kwake, akaanza kukusanya magazeti.

Na leo ilikuwa Jumanne.

Baada ya Daktari kuondoka mzee hakuweza kuendelea na kazi. Akatoka nje kupumua. Getini alikuwepo mlinzi, mtu mwembamba mwenye habari nyingi kuliko redio, amekalia boksi tupu la vibao. Boksi limechorwa jani la kijani na maandishi makubwa.

"Hapo pameandikwa nini?" Mzee akauliza, maana miwani alikuwa ameiacha ndani.

"Maji salama, suluhisho endelevu."

"Endelevu ndiyo nini?"

"Kitu kinachoendelea."

"Kinaendelea mpaka wapi?"

"Mpaka jana jioni," mlinzi akasema. "Vibao vimekwisha, Mzee. Mashine imelala njaa. Vingine viko kwenye meli, na meli imekwama nje ya bandari. Daktari amewaandikia wenye mashine mara nne. Wanajibu, asante kwa ujumbe wako."

"Si itafika tu."

"Itafika, ndiyo. Lakini yale maji ya tangi la mlimani je? Hujaona chupa kumi zilizoletwa alfajiri? Watoto kumi na mmoja wamelazwa tangu Jumapili, wanaharisha na kutapika. Idara ya maji wanasema hawafungi tangi bila karatasi ya majibu, maana mitaa minne itakunywa nini? Na karatasi itoke wapi, mashine haijala?"

Mzee Povu akasimama tu. Maji ya tangi la mlimani ndiyo ya mtaani kwake. Asubuhi ile alikuwa amekunywa chai yake. Chai inachemshwa, sawa. Lakini mjukuu akitoka kucheza hachemshi kitu, anafungua bomba anaweka mdomo.

"Mzee, mbona umekuwa hivyo?"

"Nimesahau kitu chini ya sinki," akasema.

Daktari alizisikia glasi kabla hajamwona mwenyewe. Alikuwa ameinamisha kichwa mezani, chupa kumi za maji zimepangwa mbele yake, mara akasikia kwenye korido kli, kli, kli. Akainua uso.

"Mzee. Hiyo sauti naijua."

Mzee akaweka boksi sakafuni. "Nimekudanganya, mwanangu," akasema, na hilo neno hakuwa amemwita tangu siku Daktari alipofanywa mkubwa wa pale.

"Umenidanganya kwa nini?"

"Ulisema zitupwe. Nikaona nikikwambia zipo, utasema huyu mzee mbishi, Ijumaa tusiingoje, aende leo."

Daktari akamtazama, akatazama boksi, akamtazama tena. Haikujulikana kama anataka kucheka au kufoka. "Saa nzima nimekaa hapa nikiwaza niwaambie nini wale watu. Saa nzima, Mzee!"

"Nitaifidia kwenye kuosha. Nitaosha haraka."

"Usithubutu!" Daktari akaruka. "Osha kama unavyoosha."

Walihitaji neli hamsini na vineli hamsini, tano tano kwa kila chupa. Zilikuwepo hamsini na tatu. Unga wa supu ulikuwepo stoo, nao siku zake hazijaisha. Lakini glasi zilikuwa zimelala wiki tatu kwenye magazeti, wino umezishika, na wino nao si kitu cha kuachia. Basi mzee akaanza upya. Sabuni, brashi, mara tatu, mara tatu, dirishani. Daktari akakunja mikono ya koti aje kusaidia.

"Wewe kaa mbali na sinki langu," mzee akasema bila kugeuka. "Ule mtaro bado naukumbuka."

Neli tano zililia, akazirudia. Moja ikalia mara ya pili, akaiweka kando, hakuitumia. Zikatiwa supu, zikapikwa kwenye mvuke, zikapoa, zikatiwa maji, na saa kumi na moja jioni kabati la joto likafungwa. Mzee akaenda nyumbani. Siku hiyo alikataza mtu yeyote kuweka mdomo bombani, akachemsha maji mwenyewe ndoo nzima, na mkewe akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Kesho yake jioni Daktari akamwita. "Mzee, njoo uwaone jamaa zako."

Neli zilikuwa zimesimama kwenye kirafu, hamsini. Chupa mbili zilichukuliwa kwenye bomba kabla maji hayajaingia tangini. Zile neli zake kumi zilikuwa zambarau, tulivu. Chupa nane zilitoka baada ya tangi. Neli arobaini, zote njano, na ndani ya kila kineli, kipovu. Mzee alizipitia moja moja, hakuruka. Safi zilisema safi, chafu zilisema chafu. Hakuna iliyosema uongo.

Tangi lilifungwa usiku huohuo. Walikuta mfuniko umepasuka na ndege wamehamia ndani kama kwao. Watu walilalamika sana, walichota maji mbali kwa siku sita. Hakulazwa mtoto mwingine.

Alhamisi meli ikawa imefika, maboksi yakaletwa, ishirini na nne, yenye jani la kijani. Yakapangwa kwenye korido mbele ya chumba cha kuoshea, maana ndani hapakuwa na nafasi, ndani mlikuwa na neli zinakauka.

Na Ijumaa seremala akaja, kama alivyoambiwa, penseli sikioni, futi mkononi. Akachungulia. "Nianze ukuta upi?"

Daktari alikuwa anapita, simu sikioni. Akainua kiganja. "Subiri kwanza, fundi," akasema, akaenda zake.

Fundi akasubiri. Akavuta boksi moja, akalikalia juu ya jani, akamtazama Mzee Povu. Mzee alikuwa ana neli mkononi, ameielekeza dirishani, amekunja jicho moja.

"Unatafuta nini humo?"

"Natazama kama inalia."

"Inalia?"

Mzee akaijaza maji tena, akaimwaga, akamnyooshea. "Shika huku chini, usiguse mdomo wake. Nenda nayo kwenye mwanga."

Seremala akaweka futi lake juu ya boksi, akainuka, akaipokea kwa vidole viwili.