Nilichoandika Kwenye Tangi

Asubuhi ya mtihani nilitapika mara mbili, na mdogo wangu akanicheka mara mbili. Huyu ni kitinda mimba wa mama yetu, ana miaka ishirini na minne, na bado anaamini hakuna jambo linalonishinda. Alikuwa amesimama mlangoni, kopo la chakula kwapani, ovaroli imenyooshwa pasi, akinitazama nikisukutua mdomo.

"Dada, wewe wa kuogopa Kichina? Wachina wenyewe wanakuogopa."

"Nenda kazini."

"Si ndiyo naenda. Leo tunasafisha lile tangi jipya. Tunalizima saa moja, saa nne tunalifungua. Ukitoka huko unipigie, nataka habari njema."

Nikamwitikia sawa. Hata sikumsikiliza vizuri, kwa sababu hofu ilikuwa imenijaa mpaka masikioni.

Tunafanya kazi kiwanda kimoja, cha maboksi ya katoni. Mashine zimetoka China na wakubwa wametoka China. Mimi ndiye mkalimani, na wafanyakazi wananiita Ulimi, maana bosi akitaka kusema nao lazima apitie kwangu. Kichina sikukisomea popote, nilikiokota jikoni. Miaka sita niliwapikia mafundi wa Kichina, nikiwasikiliza wakigombana, wakidanganyana, wakibembeleza wake zao kwenye simu, mpaka siku moja mmoja akalalamika kwamba chakula hakina chumvi nami nikamjibu kwa lugha yake kwamba chumvi iko mbele yake. Kijiko kilimdondoka. Mwezi uliofuata wakanitoa jikoni, wakanipa meza na kiti cha kuzunguka.

Kuna jambo moja hawakuniuliza, na mimi sikulisema. Nilikuwa sijui kusoma Kichina, hata herufi moja.

Miaka minne nikaishi hivyo. Nikiletewa karatasi nasema nimesahau miwani, basi aliyeileta ananisomea na mimi natafsiri. Baadaye nikanunua miwani kweli, ya vioo vitupu, ili niwe na kitu cha kusahau. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilirefuka mpaka nikaizoea.

Kisha akaja meneja mpya, mwanamke mkavu asiyemsomea mtu karatasi. Akatangaza kwamba ndani ya miezi minne mkalimani ataonyesha cheti cha mtihani wa Kichina, ngazi ya tatu, au atafute kazi kwingine. Jikoni wameshaajiri mpishi mwingine. Kwa hiyo kwa miezi mitatu nilijifunza kusoma kama mwizi: bafuni, mlango umefungwa, nimekalia ndoo, daftari magotini. Hata mdogo wangu hakujua. Alidhani tumbo linanisumbua, akaninunulia dawa.

Ukumbi wa mtihani ulikuwa baridi na unanuka rangi mpya. Tulikuwa kama arobaini, wengi watoto wa juzi wanaotafuta nafasi za masomo, na mimi peke yangu nikiwa na visigino vilivyopasuka. Simu zilikusanywa, kila moja ikatiwa kwenye mfuko wenye namba na kupelekwa kwa karani aliyekaa koridoni. Msimamizi, bwana mrefu aliyevaa viatu visivyo na sauti, akatusomea masharti. Moja nililishika kuliko mengine: atakayetoka kabla ya kengele, mtihani wake umefutwa.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kusikiliza. Hapo nilistarehe. Mtu na mkewe wanabishana kuhusu mwavuli. Kwangu hiyo ni sauti ya jikoni. Yule binti aliyekaa kulia kwangu alikuwa anang'ata penseli, na kwa muda mfupi nikajiona mtu.

Halafu tukaambiwa tufungue sehemu ya kusoma. Herufi zilijipanga ukurasa mzima. Nikajikaza kisabuni. Swali la kwanza nikalipata. La pili nikabahatisha. La tatu lilikuwa maelezo mafupi ya kuoka keki: keki ikiiva zima moto, subiri dakika kumi, ndipo ufungue.

Nikalisoma mara moja na kulielewa lote. Nilitaka kufurahi. Badala yake nikarudi kulisoma tena, kwa sababu herufi zile nilikuwa nimeshakutana nazo.

Lile tangi jipya la mvuke lilisimikwa kiwandani mwezi uleule alipofika meneja. Fundi wa Kichina aliyelisimika aligongelea kibao cha chuma juu ya mlango wake, chenye mstari mmoja wa maandishi, na kesho yake akapanda ndege. Fundi mkuu wetu akanipa kopo la rangi nyekundu na brashi. "Ulimi, tuandikie hapo chini kwa Kiswahili, hawa vijana waelewe." Miwani nilikuwa nimeivaa. Mchina wa kunisomea hakuwepo. Nikakikodolea macho kibao kile karibu nusu saa, nikijifanya natafuta maneno mazuri, na watu wamesimama nyuma yangu wakisubiri. Nikabuni. Niliandika: TAHADHARI, NI MOTO. ZIMA KABLA YA KUFUNGUA. Mwandiko wangu ni mzuri, hilo sikatai, na fundi mkuu akanisifu.

Tangu siku ile sikuingia tena chumba cha tangi. Nilijiambia sina kazi kule. Ukweli ni kwamba nilikikwepa kile kibao kama unavyomkwepa mtu aliyekuona unaumbuka. Lakini sura yake sikuisahau. Herufi ya kwanza ilikuwa kama mtu aliyetanua miguu, vinywele viwili vimesimama kichwani. Ya mwisho kama kigoda. Sasa zote mbili zilikuwa mbele yangu kwenye swali la keki, na nilijua kuzisoma. Zima. Fungua. Na katikati, pale kwenye keki penye dakika kumi, kwenye kibao palikuwa na kistari kimoja cha kulala na herufi moja iliyokifuata, ambayo niliifahamu vizuri kwa sababu ni kati ya zile kumi za kwanza nilizojifunza juu ya ndoo.

Siku moja. Ukizima moto, subiri siku moja, ndipo ufungue.

Tunalizima saa moja, saa nne tunalifungua. Alisema hivyo asubuhi, kopo likiwa kwapani. Tangi halijawahi kusafishwa, hii ndiyo mara ya kwanza, na ndani yake kuna mvuke wa kumchuna mtu ngozi. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi na nane.

Nitasema ukweli, maana uongo nimeshausema wa kutosha. Sikusimama. Nilijibu maswali mawili zaidi. Nilijiambia huenda wamechelewa, huenda fundi mkuu ana akili zake, huenda nimekosea, mimi nani wa kusoma Kichina. Nilijua nikipiga simu ile nitalazimika kueleza kwa nini tangazo langu ni la uongo, na kesho kiwanda kizima kitalijua jina langu jipya. Hayo ndiyo niliyoyapima, na upande wa pili wa mizani ukiwa na mtoto wa mama yangu. Swali la tano nililipata.

Kwenye swali la sita niliiweka penseli chini. Nikasimama. Kiti kikakwaruza sakafu, watu wote wakageuka.

"Naomba simu yangu. Dakika moja tu."

Msimamizi akanijia bila sauti. "Kaa chini, mama."

"Kuna mtu anaweza kufa."

"Nani?"

"Mdogo wangu."

Akanitazama usoni kama anayetafuta ujanja. Watahiniwa wa kila namna amewaona, simlaumu. "Ukivuka huo mlango hurudi," akasema taratibu. "Sheria si yangu."

Nikauvuka. Karani alinichukulia namba ya mfuko mkononi, maana nilishindwa kumtajia. Simu ya mdogo wangu iliita mpaka ikakata. Wakiwa kazini simu zinabaki kwenye makabati. Ofisini hakuna mtu Jumamosi. Fundi mkuu, hapatikani. Nikampigia mlinzi wa getini, mzee ambaye tunamwita Afande. Masikio yake yamechoka, kwa hiyo simu anaiweka kwenye spika wakati wote.

"Ulimi! Umeshamaliza? Umewashikisha adabu?"

"Afande, kimbia chumba cha tangi. Waambie wasifungue."

"Wasifunge nini?"

"Wasifungue. Tangi. Kimbia."

"Na geti nimwachie nani?"

"Liache wazi. Afande, nakuomba kwa jina la watoto wako, kimbia na simu uishike hivyohivyo."

Alikimbia, Mungu ambariki. Nilisikia funguo zake zikigongana kiunoni, pumzi yake, buti zake kwenye kokoto, kisha kwenye sementi. Nilikuwa nimepiga magoti koridoni bila kujijua, paji la uso ukutani, nikisali kwa maneno yasiyo na mpangilio. Nikasikia chuma kikigonga chuma. Ilikuwa spana. Afande akapaza sauti kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na spana ikanyamaza.

"Dada?" Ilikuwa sauti yake. "Kuna nini? Mbona huyu mzee anataka kuzimia?"

"Umefungua?"

"Bado. Nimelegeza nati nne, zimebaki mbili. Mvuke unafoka kidogo pembeni."

"Ondoka hapo. Ondokeni wote, sasa hivi. Msifungue leo."

"Lakini tumezima tangu saa moja. Tangazo linasema tuzime kwanza, tumezima. Wewe si ndiye uliyeandika?"

Hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtoto anayekukumbusha ulichomwagiza. Nyuma yake nilisikia minong'ono ya wenzake, na nikajua spika inawafikishia wote.

"Nilibuni," nikasema. "Kibao kile sikukisoma. Nilikuwa sijui kusoma Kichina. Nimewadanganya miaka yote hii."

Minong'ono ikakatika. Nikasikia ule mfoko aliousema, mwembamba, hauishi.

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Karani alikuwa ameacha kuandika, ananitazama.

"Sasa kimeandikwaje?" akauliza mdogo wangu.

Nikafumba macho. Kibao kilikuja chote, herufi baada ya herufi, na nikakisoma kwa mara ya kwanza. "Ukizima moto, subiri siku moja, ndipo ufungue."

"Siku moja nzima?"

"Nzima. Mpaka kesho asubuhi."

"Una hakika, dada?"

Mama aliniwekea mtoto huyu mikononi akiwa na siku mbili. Nimemfundisha kutembea, kuhesabu, kufunga kamba za viatu. Hajawahi hata siku moja kuniuliza swali hilo.

"Nina hakika," nikasema.

Nilimsikia akimwita fundi mkuu aje autazame ule mfoko kwa macho yake mwenyewe.